Shubiri Uliyoitema

Mwanangu Saumu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana nakusikia ng'ambo ya ukuta ukigombana na zipu ya begi. Zipu hiyo haitafunga. Nilikwambia tangu dukani kwamba begi lile ni la kupigia picha, ukanicheka. Nimekuwekea kamba ya katani kwenye kitasa cha mlango. Asubuhi utajifanya hukuiona, kisha utaitumia.

Mambo ya safari sitakufundisha. Umekaa chuo, umejipikia, umeishi chumba kimoja na wasichana wanne wenye kelele, ukarudi mzima. Blanketi zito unalo, soksi unazo, vidonge vyako umevipanga vizuri kuliko duka la dawa. Hayo yote nayapita. Nimekaa hapa sebuleni kwenye kiti cha baba yako, mbele yangu dirishani kuna ule mshubiri wetu, na habari zake ndizo ninazotaka kukuandikia. Unadhani unazijua. Unajua kipande tu, na hicho kipande nilikupa mimi kikiwa kibovu.

Barua hii nitakupa pamoja na chai. Uisome hapahapa nyumbani, kabla hatujaenda stendi. Chai ikipoa, ipoe.

Mshubiri nilipewa na mama yangu, bibi yako wa Mkange, siku nilipoolewa. Wenzangu waliondoka kwao na masufuria na mikeka. Nami nilipewa mikeka, lakini juu yake mama aliweka kopo la mafuta ya kula, limetobolewa chini kwa msumari, ndani yake mche mdogo wenye majani manne ya miiba. Hakunificha sababu. "Wewe msahaulifu," aliniambia mbele ya shangazi zangu. "Bata wangu walikufa kwa kiu mikononi mwako. Huu hata ukiusahau, wenyewe hautakufa." Shangazi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuja Bagamoyo nimenuna, kopo liko mapajani.

Kwanza niliuweka uani. Kuku wakawa wanauparua udongo, watoto wa jirani wakawa wanavunja majani na kuyapaka ukutani. Nikauingiza ndani, nikauweka kwenye dirisha hili la mashariki. Baba yako akauliza kama ameoa mke au bwana shamba. Lakini mshubiri ulipenda pale. Ulipata jua la asubuhi, jua kali la mchana halikuufikia, na maji uliyapata nilipokumbuka, yaani mara chache. Ulinenepa majani yakawa kama vidole vya mtu mwenye mali.

Watu wakaanza kuja. Aliyeungua na mafuta ya vitumbua, aliyekatika nywele, mwenye mtoto wa kuachishwa ziwa, wote walibisha hodi kwangu. Nilikata jani, nikalifunga kwenye gazeti, nikawa natoa na maelezo juu. Mtaa mzima ukaniita Mama Shubiri kabla sijazaa hata mtoto mmoja, na nililipenda jina hilo, Saumu. Shule niliishia darasa la saba, cherehani ilinishinda, lakini kwenye hilo dirisha nilikuwa mtu. Shika hapo, maana mabaya yote yaliyofuata yalianzia kwenye hicho kijifahari changu.

Kaka yako Bakari alipofika wakati wa kuacha ziwa, nilijipaka shubiri kwenye chuchu, kama nilivyopakiwa mimi na kama alivyopakiwa mama yangu. Unajua shubiri inavyofanya: mtoto anaonja, anaona uchungu, analia, anaacha. Bakari alionja, akakunja uso, akanitazama machoni, machozi yakamtiririka, akaendelea kunyonya. Aliinyonya ile shubiri yote mpaka ikaisha, akayafikia maziwa. Kesho yake nikapaka tena, akafanya vilevile. Nikashindwa mimi. Ikabidi nimpeleke Mkange kwa bibi yake, akaachia huko.

Wewe nilikupaka mara moja tu. Ulionja, ukatema, ukaniangalia kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza, ukashuka mapajani mwangu ukaenda kutafuta uji. Hukurudi tena. Kisa hicho nimekisimulia harusini na kwenye ngoma, watu wanacheka, Bakari mtoto wa mama na Saumu hana shukrani, nami nacheka nao. Lakini moyoni kiliniuma. Nilitaka ulie japo kidogo.

Mlipogundulika mna selimundu damuni, wote wawili, yeye akiwa mkubwa kidogo na wewe ukiwa bado unatambaa, nilifundishwa nikafundishika. Nataka na hili liandikwe: nilikuwa mama mwangalifu. Kila mmoja wenu alikuwa na chupa yake ya maji na nilikuwa naikagua kama polisi. Baridi mlikuwa hamuijui. Maumivu yakiwashika nilikuwa nakimbia nanyi hospitali, mnatundikiwa dripu, mnalala huko, mnarudi. Baba yako alikuwa barabarani na lori lake, kwa hiyo nilikimbia peke yangu, na miguu yangu iliijua njia ile hata gizani.

Sasa nakuja kwenye ile masika. Wewe ulikuwa na miaka saba, Bakari kumi na moja.

Unaikumbuka siku ile kuliko siku yoyote, najua. Mlikuwa mnatoka madrasa. Wewe ndiye uliyemwambia kaka yako mpite pwani mkaokote kauri, yeye akasema mama atagomba, ukamvuta mkono. Mvua ikawakuta huko. Mlirudi mmelowa chapachapa, kauri zimejaa kwenye kofia yake. Niliwavua, nikawafuta, nikawapa chai ya tangawizi, nikawafunika. Usiku miguu ikaanza kumuuma. Asubuhi nikamtazama, macho yamekuwa ya njano kama manjano ya mchuzi.

Habari yako wewe inaishia hapo. Kwako wewe, mvua ilimnyeshea, akaugua, tukampeleka hospitali, akafa. Nakuandikia ile katikati ambayo hukuambiwa.

Wiki chache kabla, jirani yetu Mama Zuhura alikuja kuniambia mpwa wake alikuwa na macho ya njano, wakamchemshia jani nililompa, macho yakasafika. Alinisifu mbele ya watu kisimani. Yule mtoto sijui alikuwa anaumwa nini, hakuwa na selimundu, lakini mimi nilizibeba zile sifa nikaja nazo nyumbani. Unajua jani la mshubiri ukilikata hutoka ute wa njano kwanza, kabla ya ule mweupe wa katikati. Nikasema moyoni, njano huondoa njano. Ilikuwa akili yangu yote siku ile. Hospitali ilikuwepo, bodaboda zilikuwepo pale kwenye kona, hela ya bodaboda nilikuwa nayo. Hakuna aliyenizuia. Nilitaka tu, kwa mara moja, nimtibu mwanangu mimi mwenyewe.

Nilikata majani mawili manene. Nilichemsha ikawa nzito. Nikaimimina kwenye vikombe viwili, kwa sababu na wewe macho yako niliyaona yana rangi rangi, nikasema niwahi.

Bakari alikaa kitandani akapokea kwa mikono miwili. Akaonja. Akakunja uso, akanitazama machoni, machozi yakamtoka, akanywa yote. Sura ileile, Saumu. Sura ya mtoto wa mwaka na nusu akiwa kifuani kwangu. Niliiona na niliitambua, na badala ya kushtuka nikajisikia vizuri. Nikasema, "Umeona mwanamume huyu? Hivi ndivyo mtoto anayempenda mama yake anavyokunywa dawa."

Wewe ulionja ukaitema, ikanirukia kwenye kanga. Nikakuchapa kofi. Bila shaka unalikumbuka kofi, maana nilikuchapa mara chache. Nikakwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Uliniambia, kwa lile domo lako, "Si dawa hiyo, mama. Ni ile ya kutukatazia ziwa." Nikakufukuza chumbani. Iliyobaki kwenye kikombe chako nilimwongezea Bakari. Mimi ndiye niliyemwongezea, kwa mkono wangu, wewe ukiwa nje uani unalia.

Haikuchukua muda akaanza kuharisha. Nikafurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi, nikasema uchafu unatoka. Nilikuwa namwaga ndoo uani na kumshukuru Mungu. Akaomba maji, nikampa, akatapika. Akaomba tena, akatapika. Kufika alasiri midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na ile miguu akawa hataki hata shuka iiguse. Hapo ndipo nilipomfunga mgongoni kama mtoto mchanga, mvulana wa miaka kumi na moja, nikapanda bodaboda.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima. Alimbana ngozi ya tumbo, ngozi ikakaa imesimama vilevile. Akaniangalia. "Mama, mtoto amekauka kabisa. Amepewa nini nyumbani? Kama ni dawa ya kienyeji sema tu, mwenzangu, sitakugombeza."

Nikamjibu, "Hajapewa kitu. Alinyeshewa na mvua."

Hivyo ndivyo mvua ilivyoingia kwenye habari hii. Niliiingiza mimi, pale mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimevaa kanga yenye doa la shubiri uliyoitema na niliona aibu. Walimtafutia mshipa muda mrefu. Walipoupata, dripu ikawa inashuka, nami nimekaa chini nimemshika kisigino, nasema moyoni nikipata nafasi nitamwambia yule nesi. Nafasi niliipata. Alipita mara nyingi, kila akipita ananigusa bega. Sikumwambia. Bakari alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Huenda angekufa hata bila ile shubiri. Huenda hata ningesema wasingeweza kitu. Sikuwahi kujua na sitajua, na hilo silisemi ili unionee huruma. Nalisema kwa sababu wewe ni mtu wa maabara, utataka kuuliza, na jibu ni kwamba sina.

Msibani mvua ilisambaa kama ubani. Kila aliyekuja kunipa mkono wa pole alisema masikini, mvua imemchukua. Nikawa naitikia. Wewe ulikuwa umejikunja nyuma ya mlango wa chumba changu na kofia ya kauri mapajani. Usiku wa tatu, watu walipopungua, ulikuja ukasimama mbele yangu ukaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyesema tupite pwani."

Nilikuwa na neno moja tu la kukuambia, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikakuambia, "Nyamaza, mwanangu. Yamekwisha."

Ukanyamaza. Toka siku ile hujawahi kukanyaga pwani, na pwani iko hapo chini, mtu anafika akiwa bado anatafuna muwa. Wingu likitanda unaingia ndani unajifunika mpaka kichwani, mtu mzima na elimu yako. Watu wanasema Saumu anaogopa mvua kwa sababu ya ugonjwa wake. Mimi najua unaogopa nini. Nimejua miaka yote, nikala na wewe, nikakusuka nywele, nikakutazama ukiibeba ile maiti peke yako, nami niliyepaswa kuibeba naendelea na vitumbua vyangu.

Mshubiri niliutupia stoo. Sikuwa na ujasiri wa kuukata, nilitaka ufe wenyewe. Niliusukuma nyuma ya magunia ya mkaa, nikafunga mlango. Mama Zuhura alikuja kuomba jani la kumwachishia mwanawe ziwa, nikamwambia umekufa. Akasema, "Makubwa! Mshubiri nao hufa?" Kaskazi ikaja ikaenda, kusi ikaja, mimi sijautilia hata tone. Siku natafuta jiko la zamani nikausogeza ule mkaa, nikaukuta. Ulikuwa umepauka, majani membamba, shingo yote imepindia kwenye ule ufa wa mlango unaopitisha mwanga. Na pembeni yake, kwenye udongo mkavu kama unga, ulikuwa na watoto watatu.

Nilikaa chini kwenye mkaa nikalia kwa hasira. Mti usio na faida kwa mtu ulikaa gizani bila maji ukazaa, na mwanangu, mwenye chupa yake ya maji na mama mwenye macho yote mawili, nilimkausha kwa siku moja.

Nikautoa. Ukiutoa gizani usiuweke juani siku hiyohiyo, unaungua unakuwa mwekundu. Hilo nililijua baada ya kuuunguza. Wale watoto nikawatenga kila mmoja na kopo lake, nikasema hawa nitawalea. Nikawamwagia maji asubuhi, nikawamwagia jioni. Nilikuwa nikiwamwagia najisikia nafuu, kama nalipa kitu. Juu walionekana wazima kabisa, kijani, wamesimama. Siku moja nikamshika mmoja kumgeuza kwenye mwanga, akanibakia mkononi. Chini alikuwa ameoza zamani, ananuka. Nikajaribu wa pili, naye vilevile. Wa tatu ndiye niliyemuwahi: nikamng'oa, nikamkata palipooza, nikamwacha mezani mpaka kidonda kikauke, nikampanda kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo, nikamsahau. Ndiye huyu aliye mbele yangu. Yule mama yake, mshubiri wa Mkange, alikufa mwaka uliofuata kwa sababu sikujizuia, nilimmwagia naye.

Baada ya hapo kila nikikushughulikia wewe nilikuwa namkumbuka yule aliyenibakia mkononi. Nilikukataza kuruka kamba, nikakukataza kulala kwa shangazi yako, nikaja mpaka shuleni kuangalia kama umekunywa maji, wenzako wakakutania. Nilikuwa nakumwagia. Na wewe ulikuwa umesimama, kijani, unashika namba nzuri darasani, na mimi kila siku naogopa kukushika nikugeuze, nisije nikaona chini kuna nini.

Idd iliyopita ulitueleza hapa, mimi na baba yako, jinsi damu yetu inavyoonekana kwenye darubini yenu. Ulichora kwenye meza kwa kidole, ukatumia mchuzi wa biriani. Chembe ya kawaida, duara. Ya kwetu, mundu. Ukasema mwili ukikauka maji hizo mundu zinanasana, ndiyo maana mgonjwa wa selimundu akiharisha ni dharura, hata saa hazisubiriwi. Baba yako akauliza kama anaweza kupata nyama nyingine. Mimi nilienda jikoni nikashika ukuta. Uliporudisha sahani uliniangalia, na mpaka leo sijui kama ulikuwa unaniuliza.

Ulipopangiwa Makete nilishangilia na wewe kwa sababu kazi ni kazi. Kisha Neema, yule rafiki yako wa chuo, akaja, mkakaa uani. Nilikuwa nyuma ya pazia nakaanga. Akakwambia, "Shoga, kule kuna barafu kwenye majani asubuhi. Waambie una selimundu, watakubadilishia, haki yako." Ukamwambia hutaki kuonewa huruma. Akasema, "Si huruma, ni damu yako." Ndipo ukasema, kwa sauti ya chini, lakini mimi nina masikio ya mama: "Baridi haitaniua. Na ikiniua, basi. Zamu yangu."

Kitumbua kiliungua. Uliniita kuniuliza nini kinaungua, nikasema moto umezidi.

Saumu, mwanangu, hakuna zamu. Hukumuua kaka yako. Mvua iliwapata wote wawili, mkalowa wote wawili, mkalala shuka moja, na mvua ilimletea maumivu ambayo alishayapata mara nyingi akapona. Kilichokuja baadaye kilitoka kwenye sufuria yangu. Ulikuwa na miaka saba, na katika nyumba hii wewe peke yako ndiye uliyejua ile si dawa. Ulisema kwa mdomo wako, nikakuchapa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nasi siku zote tunadhani maradhi yanayosemwa ni ya mwilini.

Nilipaswa kukuambia haya mdomo kwa mdomo. Nimejaribu. Tangu Ijumaa kila ukiingia jikoni nafungua kinywa nakuuliza kama umekula. Ndiyo maana naandika, na herufi zangu unazijua, samahani.

Sasa sitakwambia usiende. Ningekuwa nakumwagia tena. Kama unaitaka ile kazi, na ile milima, na watu wa huko wanaokula viazi asubuhi, nenda, nami nitakuja kukuona nimevaa makoti mawili. Kama unakwenda ili ukalipe, basi deni si lako, na aliyekopa amekaa hapa. Amua hapohapo, chai ikiwa bado mkononi mwako. Ukitaka tupande basi, tutapanda. Ukitaka umpigie mkubwa wako simu umwambie una nini damuni, simu yangu ina salio, nami nitaketi karibu au nitatoka nje, utakavyotaka. Na ukitaka kuondoka bila kuniaga, nitaelewa. Nitaumia, lakini nitaelewa.

Baba yako nimeshamwambia. Nilimpigia jana, yuko Chalinze kwenye mji wake wa pili. Akasema, "Mwambie mtoto. Mimi na wewe tutaongea." Hatujaongea.

Mshubiri umezaa tena. Nimekutengea mtoto mmoja, yuko kwenye kopo la maziwa, nimelitoboa chini kwa msumari. Umchukue au umwache. Ukimchukua, mweke dirishani ndani, nje baridi ya huko itamuua. Maji umpe udongo ukikauka mpaka chini, na ukisahau usijilaumu, huyo anaweza. Wewe huwezi. Wewe kunywa.

Na usimtengenezee mtu dawa kwa huyo. Kwa kuungua moto, sawa. Basi.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo silijui jinsi ya kuliandika vizuri, kwa hiyo naliandika lilivyo. Huko uendako utapewa vitu vingi na watu wanaokupenda. Watakupa chakula, dawa, ushauri, mume. Wengine watakupa kwa mikono miwili, na machozi juu. Bakari aliamini mkono. Wewe uliamini ulimi wako, na ndiyo maana kuna mtu wa kumwandikia barua hii. Kila nilipokisimulia kile kisa cha ziwa nilikuwa nasema huna shukrani. Nilikuwa namsifu mtoto asiye sahihi.

Ukionja kitu kikawa kichungu, tema, mwanangu. Hata kama kimetoka kwangu. Hata barua hii.

Mimi niliyekuchapa,
mama yako.